Nusu ya Jiwe la Kusagia

Kabla sijasimulia lolote kuhusu siku ile, nitatenga mafungu mawili, kama nilivyozoea kufanya katika kazi yangu yote. Kuna niliyoyaona na kuna niliyoyasikia. Niliuona uwanda wa juu mlimani ukiwa umekauka kwa baridi ya kipupwe. Niliona jiwe. Nilimwona dada yangu akipiga magoti mbele ya jiwe hilo, na niliuona mfuko mdogo wa kitenge aliokuwa ameushona kwa mkono wake. Hayo ninaweza kuyaapia. Lakini mtoto mwenyewe, ambaye kwa ajili yake tuliupanda mlima, sikumwona kamwe. Alipozaliwa mimi nilikuwa shule ya bweni. Niliporudi likizo nyumbani kwetu Kilolo, mama alinieleza, huku anapepeta maharage, kwamba dada yangu alijifungua mtoto wa kiume kwa wakwe zake na mtoto hakukaa. Ndivyo alivyosema: hakukaa. Aliendelea kupepeta, nami sikuuliza zaidi. Kwa hiyo hata kuwapo kwa mtoto huyo duniani, kwa upande wangu, ni habari ya kuambiwa.

Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo hadi nilipostaafu. Watu walikuja mbele yangu wakisema, "Inajulikana kijiji kizima," nami niliuliza kijiji hicho kilisimama wapi, kulikuwa na mwanga kiasi gani, na ni nani miongoni mwao aliyeona. Tabia hiyo ilinifuata nyumbani. Katika ukoo wetu siitwi kwenye vikao kwa sababu ya busara. Ninaitwa kwa sababu siongezi neno. Wengine hawanipendi kwa hilo, na sina kinyongo nao.

Dada yangu alikuwa mkubwa wangu. Aliolewa na mchungaji wa kondoo katika shamba kubwa lililokuwa juu ya mlima, mbali na kwetu, mahali ambapo baridi huwafanya watu walale na moto ndani. Wachungaji waliishi katika safu ya nyumba karibu na josho, yaani lile handaki la saruji ambamo kondoo walipitishwa katika maji ya dawa ili kuua kupe na upele. Shamba lilipokufa, dada na mumewe walishuka wakaanza maisha mapya Mbalizi. Mume alifariki zamani. Uwanda ule wa juu ulifanywa hifadhi, na siku hizi watu wa mjini huenda kutembea huko asubuhi na kurudi jioni, hasa wakati wa mvua, maua yanapotoka.

Sisi tulikwenda wakati wa kipupwe, mvua zikiwa bado mbali. Mpwa wangu, mwana pekee wa dada aliyebaki hai, muuza mabati na misumari pale Mbalizi, alinipigia simu Iringa.

"Mjomba, shikamoo. Mama anataka umpeleke mlimani."

"Marahaba. Wewe una gari. Kwa nini mimi?"

"Gari nitaendesha mimi. Lakini anakutaka wewe. Amekataa kupanda bila wewe."

"Maua hayapo sasa."

"Najua. Ila maua yanakuja na mvua, na daktari anasema mvua…" Hakumaliza. Sikumlazimisha amalize. Daktari huyo sikuzungumza naye, kwa hiyo aliyoyasema siyaandiki. Nilipofika Mbalizi niliona kifundo cha mkono wa dada yangu kikitoka katika sweta, na hilo lilitosha.

"Kamwene, mdogo wangu," alisema bila kuinuka.

"Kamwene, dada."

Alitoa kifuani mfuko wa kitenge, mdogo kama wa kuwekea tumbaku, wenye kamba ya kukaza mdomo, akaniwekea kiganjani. Ndipo akanieleza jambo ambalo katika miaka yote ya udugu wetu hatukuwahi kulizungumza.

Kwa watu wa mume wake, mtoto mchanga akifa, wanaume hawachimbi kaburi na msiba haukaliwi. Wanawake wazee humchukua wakamzika wao wenyewe, na mama yake hubaki ndani ameupa mlango mgongo. Haambiwi ni wapi. Wanaamini kwamba mama anayepajua mahali atakwenda kulia pale, na tumbo litafunga. Anapokuwa amezeeka na hazai tena, mmoja wa waliozika humpeleka kumwonyesha, naye huchota udongo kidogo na kuuweka hadi siku ya kuzikwa kwake, ili wazikwe pamoja. Baadaye niliwauliza wanawake wengine wa milima ile, kila mmoja peke yake, na maelezo yao yalilingana. Ninaichukulia desturi hiyo kuwa imethibitika kwa kadiri desturi inavyoweza kuthibitika.

"Walioniahidi kunionyesha wamekufa," alisema. "Kisha tukahama. Kisha pakawekwa geti. Nikasema nitakwenda mwakani. Sasa mwakani haipo."

"Kwa nini unanihitaji mimi?"

"Huyu mwanangu ananihurumia. Nikichoka kutembea, popote pale atasema, mama, ni hapa. Wewe hutasema. Ukisema ni hapa, nitajua ni hapa."

Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeshikwa.

Tuliondoka mapema, tukapita Uyole, tukaiacha lami na kuanza kupanda. Dada alikaa mbele, amejifunga blanketi. Chini ya mlima, katika kijiji cha mwisho kabla ya hifadhi, tulisimama kwa wifi yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye tulielezwa kuwa ndiye pekee aliyebaki hai kati ya waliokuwapo siku ile. Tulimkuta ameketi juu ya gunia uani, anachagua viazi vya mbegu, miguu yake imevimba na kufungwa vitambaa.

"Wifi!" alipaza sauti. "Umekonda hivyo? Wanakulisha nini huko Mbalizi, chipsi?"

"Wananilisha dawa."

"Dawa hazinenepeshi. Rudi huku ule viazi."

Walishikana mikono muda mrefu. Kisha dada akamwambia kilichotuleta. Yule bibi aliweka chini kiazi alichokishika, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Bado unataka kuzaa?"

"Mimi?"

"Nauliza. Kama bado unataka, siwezi kusema."

Dada alicheka hadi kikohozi kikamshika, na wifi yake naye akacheka, akimpigapiga mgongoni. Mpwa wangu alikwenda kuangalia matairi ya gari ambayo hayakuwa na tatizo.

Nilisogea karibu. "Shemeji, siku hiyo ulikuwapo mwenyewe, au ulisimuliwa?"

"Huyu ndiye yule hakimu wenu?"

"Ndiye," dada akajibu.

"Nilijua. Nilibeba jiwe kichwani, bwana hakimu. Kichwa chenyewe ni hiki. Unataka kukishika?"

Nilimwambia haikuwa lazima, ila anieleze kwa mpangilio. Alieleza vizuri kuliko mashahidi wengi niliowasikiliza. Alikuwa msichana ambaye bado hajavunja ungo. Aliitwa na mama yake, yaani mama mkwe wa dada yangu, pamoja na wanawake wengine wazee. Walizika nyuma ya nyumba ya mwisho ya safu, ile iliyokuwa mbali zaidi na josho, upande wa macheo, umbali wa mtu anayesimama mlangoni na kumwaga maji ya vyombo. Juu yake waliweka nusu ya jiwe la kusagia lililokuwa limevunjika mwaka huo, wakalilaza kifudifudi.

"Kwa nini kifudifudi?"

"Ili lionekane takataka. Jiwe zima watu huliuliza. Jiwe lililovunjika, limelala juu ya uso wake, nani atalitazama? Hata mwenye mtoto alipita pale kila siku asijue."

"Nilipita pale?" dada akauliza.

"Wifi yangu, ulikuwa unamwaga maji pale pale."

Kuku alipita kati yetu akidonoa maganda. Dada alijifunga upya kanga yake, akauliza kama tuna maji ya kunywa, na mpwa wangu akakimbilia garini kuyaleta.

Nilimwomba wifi aje nasi. Aliinua guu lake moja kwa mikono miwili kama mtu anayeinua gogo, akaliweka chini tena. Hilo lilikuwa jibu.

Getini tulipokewa na mwongozaji, binti mchangamfu aliyevaa koti la kijani lililompwaya. Alitutajia masharti kwa ghibu: hakuna kuchuma, hakuna kuokota, hakuna kutoka na chochote, hata jiwe, hata jani. Dada aliusukuma mfuko wake ndani zaidi ya nguo. Binti akaingia garini akaketi nami nyuma, na gari lilipoanza kupanda tena akaanza kazi yake.

"Kijito mnachokiona kulia, inasemekana hakijawahi kukauka tangu dunia iumbwe."

"Nani aliyekiangalia muda wote huo?" niliuliza.

"Eti, babu?"

"Nauliza shahidi."

"Vumilia, dada yangu," mpwa wangu alimwambia binti kutoka kwenye usukani. "Mjomba alikuwa hakimu. Hata ugali anauhoji kabla ya kuula."

"Basi nitasema mimi nimekiona tangu nilipoajiriwa, na hakijakauka," akasema binti.

"Hilo nalipokea."

Alicheka. Sikuwa nimefanya mzaha, lakini sikumzuia.

Nilikuwa nimeziona picha za uwanda ule ukiwa na maua, zimebandikwa katika ofisi za mjini, za njano, za zambarau na nyeupe hadi upeo wa macho. Tulichokikuta ni nyasi za rangi ya ngozi ya mbwa, zimelala upande mmoja kwa upepo. Katika vivuli vya vichuguu sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa haijayeyuka. Mbali, chini kabisa upande wa kaskazini, bonde la Usangu lilionekana kama vumbi lililotulia. Hapakuwa na mti wowote. Dada alitazama nje ya dirisha bila kupepesa.

"Kulikuwa na baridi hii hii," alisema. "Hiyo haijabadilika."

Josho lilikuwapo. Nililiona kabla ya dada kulionyesha: handaki la saruji limeota kuvu, na ngazi ambayo kondoo walipandia wakitoka. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa macho, na ninakiri kwamba nilipouona nilishika mlango wa gari kwa haraka isiyolingana na umri wangu. Nilikuwa nimekwisha kupanga namna ya kufanya. Nitasimama joshoni, nitaifuata misingi ya nyumba hadi ya mwisho, nitatafuta mlango wa nyuma, kisha nitapima umbali wa maji ya vyombo.

Misingi haikuwapo.

Mahali ambapo safu ya nyumba ilipaswa kuwa palikuwa uwanja uliosawazishwa vizuri, wenye mabenchi, mahali pa kuchomea nyama, na njia ya kutembelea iliyopambwa kwa mawe pembeni kote, mawe yaliyopangwa yakagusana kama meno. Njia ilizunguka uwanja, ikashuka hadi kwenye ukingo ambapo watu husimama kupiga picha. Siku hiyo palikuwa na kundi la watu wa ofisi fulani kutoka mjini, wote katika fulana za rangi moja, wanakula kuku na kusikiliza muziki katika spika ndogo. Walitusalimu kwa adabu. "Shikamooni wazee! Karibuni kuku!"

Nilitembea kutoka joshoni kwenda macheo, nikarudi, nikatembea tena. Nilitafuta kishimo, mwinuko, mstari wa nyasi za rangi tofauti, chochote ambacho ukuta huacha ukiondoka. Waliousawazisha uwanja ule walijua kazi yao. Nilijaribu kumuuliza dada nyumba ya mwisho iliishia wapi. Aliinua mkono, akauelekeza mahali, akasita, akauelekeza pengine, kisha akaushusha.

"Kulikuwa na nyumba, ndiyo maana nilipajua," alisema. "Hapa sasa sijui ninatazama nini."

Nilikuwa ninarudi kwake nilipoona chupa ya soda. Ilisimama wima juu ya jiwe mojawapo la pembeni mwa njia, bila kuyumba, ingawa upepo ulikuwa mkali. Ilisimama hivyo kwa sababu jiwe lilikuwa na mbonyeo. Karibu yake aliketi mwanamke wa lile kundi la fulana.

"Samahani mama, naomba uitoe chupa hiyo."

"Babu unataka soda? Ngoja, ipo ya baridi."

"Sitaki soda. Naomba uitoe hapo."

Aliitoa, akanitazama kama mtu aliyekosewa adabu bila kujua kosa lake. Nilichuchumaa. Mbonyeo ulikuwa laini kama sabuni iliyotumika, na uliishia ghafla mahali jiwe lilipokatika. Lilikuwa nusu ya jiwe la kusagia, na uso wake ulielekea juu.

Nililitazama bila kuita mtu. Safu ile ilikuwa na nyumba kadhaa, na kila nyumba ilikuwa na jiwe lake. Mawe ya kusagia huvunjika. Nilikuwa bado ninapima jambo hilo dada aliponifikia, amemwegemea mwanawe. Nadhani alijua tangu aliponiona nimechuchumaa. Alipiga magoti taratibu, akaweka kiganja ndani ya mbonyeo, akakisukuma mbele na kukivuta nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayesaga.

"La mama mkwe hili," alisema.

"Umelijuaje?"

"Nililisagia. Futa hapo ubavuni, penye udongo. Kuna mshipa mweupe unaopinda kama mkia wa panya."

Mpwa wangu alifuta kwa kidole gumba. Udongo ulidondoka, na mshipa mweupe ukatokea, nao ulipinda kama alivyosema. Shahidi anayetaja alama kabla ya kuiona ni shahidi wa daraja la kwanza; katika miaka yangu yote ya kazi niliwapata wachache. Jiwe lilikuwa ndilo. Sikuwa na shaka yoyote, na sina hadi leo.

Nilimgeukia binti mwongozaji. "Mawe haya yalitolewa wapi?"

"Mimi nilikuwa sijaajiriwa, babu. Ninavyoambiwa, walipotengeneza njia waliokota mawe yaliyozagaa huku."

"Huku wapi?"

Binti alinyoosha mkono, akauzungusha kuanzia joshoni, akaupitisha juu ya uwanja, juu ya mabenchi, juu ya nyasi zote hadi ukingoni, akaushusha. Nimeuona mkono huo mara nyingi tangu siku ile, nikiwa nimefumba macho.

Wale wazee walichagua alama ifanane na takataka ili asiijue mama, na hakuijua. Hakuijua hata aliyekuja kuokota mawe baada ya miaka mingi. Aliona jiwe bovu limelala kifudifudi, akaliinua, akakuta lina umbo zuri, akaligeuza. Hakuwa na kosa, nao hawakuwa na kosa.

Mpwa wangu alinishika kiwiko, akanivuta kando.

"Mjomba, mwambie ni hapa."

"Sijui kama ni hapa."

"Nani anajua? Na nani atakuja kupinga?"

"Ameniita mimi kwa sababu hiyo hiyo."

"Mjomba, ni udongo tu."

"Kama ni udongo tu, ungechota nyumbani kwako Mbalizi tusipande mlima."

Alikaza taya. Kwa sura alifanana sana na baba yake.

"Mnanong'ona nini?" dada alituita. "Mimi ndiye ninayekufa. Semeni kwa sauti nami nisikie."

Alikuwa amekwisha kuutoa mfuko. Ulikuwa mapajani mwake, mdomo umefunguliwa. Binti mwongozaji aliuona, akatutazama mmoja mmoja, na nadhani wakati huo alielewa sehemu kubwa ya jambo letu bila kuambiwa.

"Bibi," alisema, "sheria unaijua. Lakini mimi sasa hivi ninakwenda kuliangalia lile josho. Nitaliangalia taratibu."

Aliondoka, na kweli akasimama joshoni ametupa mgongo, mikono ndani ya koti lake kubwa. Kwa hiyo hapakuwa tena na geti, wala sheria, wala askari kati ya dada yangu na udongo ule. Kilichobaki ni neno langu.

"Mdogo wangu," alisema, "mwanangu yuko hapa?"

Nilizunguka tena. Nilirudi joshoni, nikatembea hadi nyasi zilipoanza kuwa ndefu, nikatazama chini kwa makini kuliko nilivyowahi kutazama kitu. Nilipiga goti na kupapasa. Nyasi zilikuwa zile zile, udongo ule ule mweusi. Upepo ulikuwa ukileta harufu ya kuku. Nilirudi nikasimama mbele yake.

"Sijui, dada."

"Hata kwa kukadiria?"

"Hata kwa kukadiria. Jiwe ndilo. Lakini limehamishwa, na sijui limetoka wapi."

Alinitazama kutoka chini, kiganja chake bado kikiwa ndani ya jiwe.

"Nilikuleta kwa sababu husemi usichokijua," alisema. "Leo ningependa uwe mtu mwingine."

Mpwa wangu aligeuka, akatembea hadi ukingoni, akasimama palipotengenezwa kwa ajili ya picha. Mtu wa kundi lile alizima muziki. Yule mwanamke wa soda alikuja na bawa la kuku juu ya kipande cha karatasi, akainama.

"Bibi, pokea hata hili. Sijui kuna nini, lakini pokea."

Dada alilipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Hakulila. Alilishika hadi tulipomwinua, kisha akalirudisha kwa mwenyewe na kushukuru tena.

Udongo hakuchota. Nilikuwa nimesimama karibu naye muda wote, na sikuondoa macho.

Yaliyofuata baada ya safari ile ni ya fungu la pili, nami nitayaweka huko. Mvua zilipoanza nilipigiwa simu kwamba dada amezidiwa. Nilikuwa ndani ya basi, tumeipita Mafinga, ninakwenda kumwona. Kabla sijafika Makambako simu ililia tena, nikaambiwa amefariki. Nilipowasili Mbalizi jeneza lilikuwa limekwisha kufungwa. Baada ya maziko mwanamke mmoja wa jumuiya alinieleza kwamba dada amezikwa na mfuko wake shingoni, nao una udongo ambao wifi yake aliutuma kutoka mlimani. Nilimkumbuka wifi akiinua guu lake kwa mikono miwili. Mwingine, aliyesema alikuwamo chumbani wakati wa kumwosha, alisema hakuona mfuko wowote. Wa tatu alisema mpwa wangu alipanda tena mlimani peke yake, akarudi siku hiyo hiyo. Nilimuuliza kila mmoja aliona mwenyewe au aliambiwa. Wa kwanza na wa tatu walikuwa wameambiwa. Aliyesema aliona, aliona tu kwamba hakuona, na chumba kilikuwa na watu wengi.

Nilimwendea mpwa wangu, naye akainua kiganja kabla sijafungua mdomo.

"Mjomba, leo usinihoji."

Sikumhoji, siku ile wala baadaye. Kama alisema uongo kwa mama yake katika siku za mwisho, au alimletea udongo wa mahali fulani, au hakufanya lolote, mimi sikuwapo. Wapo wanaosema alikufa ametulia, na watu husema hivyo kuhusu wafu wote.

Mimi ushahidi wangu unaishia getini, jioni ya siku tuliyoshuka. Askari wa hifadhi alisimamisha gari, akaangalia buti, akaangalia begi langu, akamwinamia dada dirishani na kumwamkia. Alikuwa ameona kamba ya kitenge ikitokeza shingoni.

"Bibi, na hicho? Samahani, ni kazi."

Dada aliuvuta mfuko, akaufungua mdomo. Hakumpa askari auangalie. Aliingiza vidole ndani, akaupindua ndani nje, kitambaa cheupe cha ndani kikawa juu, akauning'iniza mbele ya uso wa askari na kuukung'uta. Nilikuwa nimeketi nyuma yake, na jua lilikuwa bado halijazama. Haukudondosha kitu.